Koki ya Pipa la Uani

Kila Jumatano na Jumamosi, alfajiri, maji hutoka kwa saa moja tu. Mimi ndiye ninayeingiza mpira kwenye pipa la uani na kulisimamia mpaka lijae. Pipa lenyewe ni la plastiki ya buluu, linanifika kidevuni, na tunalitumia familia tano, kila moja na chumba chake. Nina miaka kumi na miwili na nyumbani wananiita Mbishi. Jina hilo silikatai.

Mdogo wangu, mwenye miaka miwili, tunamwita Mzee, kwa sababu hutembea amefunga mikono nyuma kana kwamba nyumba ni yake na sisi wapangaji. Mwaka huu aliugua kuhara mara mbili. Mara ya pili alidhoofika hata akashindwa kulia, akawa ananitazama tu. Muuguzi wa zahanati alimtundikia dripu, kisha akamgeukia mama.

"Maji yenu mnayachota na nini?"

Mama alisita. Mimi nikajibu, maana kunyamaza siwezi: "Tuna pipa la wote, na kila mtu anachovya chombo chake. Sufuria, kopo, hata kikombe cha mswaki."

"Basi ugonjwa unaingilia hapo," alisema muuguzi. "Mchemshieni mtoto maji, na pipa msilichafue tena. Huyu hana nguvu ya kuugua mara ya tatu."

Maneno hayo yalinikaa kifuani. Mama alichemsha maji kila siku, lakini Mzee si mtu wa kungoja maji yapoe. Akimwona yeyote ameshika kikombe, humfuata na kuachama mdomo.

Jumamosi mama aliwaita majirani wote uani. Tukakubaliana kwamba pipa litachotwa kwa kata moja tu, yenye mpini mrefu, nayo itatundikwa kwenye msumari wa mlango wa jiko. Aliyeongea kuliko wote ni Fundi Bomba, wa chumba cha kwanza. "Afya ya Mzee ni afya yetu sote!" alisema, mkono kifuani. Tulimpigia makofi, naye akayapokea vizuri sana.

Jumatatu asubuhi nikamkuta Fundi Bomba huyohuyo ametumbukiza kikombe chake cha chai, mkono umezama hadi kiwiko.

"Mjomba! Kata ile pale mlangoni!"

"Nimechelewa kazini, mama. Mara moja tu."

Niliporudi kutoka shule, kata yenyewe haikuwepo. Niliikuta kwa jirani yetu mshonaji, Mama Cherehani, akinyunyizia nguo maji kabla ya kuzipiga pasi. Nilifoka, naye hata hakuinua macho kwenye pasi yake.

"Mwanangu, usijichoshe. Tunakubaliana leo, kesho tunasahau. Binadamu ndivyo tulivyo."

Ndivyo tulivyo! Ati kwa hiyo Mzee augue? Nilichukua kata yangu, nikaburuta kigoda hadi kwenye pipa, nikaketi hapo na madaftari yangu. Kila aliyekuja na kopo nilimchotea mwenyewe. Walinicheka, wakaniita Askari wa Pipa. Wacheke! Wiki nzima, kila jioni nilikuwa hapo, na mbele ya macho yangu hakuna aliyethubutu kuchovya chombo chake. Kichwa kilinivimba, nikajiona mimi ndiye mwema peke yangu katika nyumba nzima.

Ikaja Jumatano. Siku hiyo tulikuwa na mtihani wa hesabu, na nilikuwa nimechelewa kuamka. Mama alikuwa ameingiza mpira badala yangu, na pipa lilikuwa limejaa pomoni. Kata ilikuwa kwenye msumari wake, hatua nne kutoka niliposimama. Hatua nne tu! Nikachovya kikombe changu cha mswaki moja kwa moja ndani ya maji, huku nikijiambia kwa sauti, "Mara moja tu."

Nyuma yangu cherehani ikanyamaza. Mama Cherehani alikuwa dirishani.

"Umeona, Mbishi?" alisema taratibu, wala hakucheka. "Binadamu ndivyo tulivyo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Na nilipogeuka, nilimkuta Mzee miguuni pangu, mikono nyuma, ameachama mdomo, anangoja kikombe changu. Niliyamwaga maji yale chini, nikaondoka nikilia kwa hasira.

Njia nzima niliwaza. Mimi ndiye niliyemshika Mzee miguu wakati muuguzi anatafuta mshipa. Nampenda kuliko wote. Ikiwa mimi nimefanya vile kwa sababu ya haraka, basi Fundi Bomba si mtu mbaya, wala Mama Cherehani. Hakuna anayemtakia Mzee mabaya. Tuna haraka, na pipa liko wazi. Nilipofika shuleni nikalitazama tangi la maji. Hakuna mwanafunzi anayechovya kikombe pale, kwa sababu hakuna pa kuchovya. Lina koki! Nusura nicheke. Nyumbani kwetu anaishi mtu anayefunga koki mji mzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliwaza hilo.

Jioni, watu wakiwa uani, nilipanda juu ya kigoda.

"Leo mimi, Askari wa Pipa, nimechovya kikombe cha mswaki humu ndani."

Mama alinitazama, nami nikaendelea.

"Mama Cherehani anasema binadamu ndivyo tulivyo. Haya! Kama sisi hatubadiliki, libadilike pipa! Mjomba, kila nyumba wanakusifu kwa koki zako. Mgeni akija hapa kwako akaona tunachovya vikombe, atasemaje?"

"Atasema fundi wa jina tu!" alidakia Mama Cherehani. Uani wote ukaangua kicheko.

"Ala! Mimi?" Fundi Bomba aliingia chumbani kwake, akatoka na keekee na koki mpya.

Maji tuliyahamishia kwenye ndoo. Pipa lilihitaji kuinuliwa ili ndoo ienee chini ya koki, na mama akaanza kubeba matofali yaliyokuwa nyuma ya jiko. Mara jirani mmoja akaona aibu kukaa, akainuka, wa pili naye akafuata, na muda si mrefu wote walikuwa wanabeba. Fundi Bomba alitoboa, akafunga koki, akaufunga mfuniko kwa waya, akaacha tundu la kupitisha mpira tu. Tuliporudisha maji, Mzee alikuwa wa kwanza kukagua kazi, akaifungua koki, kisha akajiondokea zake.

"Wewe, funga!" tulipiga kelele wote.

Miezi miwili imepita na Mzee hajaugua. Juzi, tukiosha vyombo, mama aliniambia, "Ni kweli tunasahau, tuna uvivu, tunapenda kusifiwa. Lakini wenye uvivu ndio hao hao waliobeba matofali, na mpenda sifa ndiye aliyetuletea koki. Anayetaka kurekebisha jambo akiri kwanza udhaifu wake, kisha atafute njia itakayofanya wema uwe rahisi kwa wote. Na asikubali kuambiwa haiwezekani."

"Kwa hiyo ubishi niendelee nao?"

"Kwa mambo kama hayo, ndiyo. Kwa kuosha sufuria, hapana."

Jana nilimwambia Mama Cherehani kwamba mtaro wa mbele ya nyumba umeziba kwa taka. Akashusha pumzi. "Ah, mwanangu, binadamu ndivyo..."

Nikaanza kuburuta kigoda changu kuelekea mlangoni.

"Basi, basi, nimekoma!" alisema, akazima pasi. "Koleo liko wapi?"