Paskalina Hapiki Data

Pikipiki nyekundu ya TVS ilikata kona ya mashine ya kukoboa mpunga pale Idete, ikamkosakosa mama mmoja mwenye beseni la samaki, ikaendelea.

Boxer iliyokuwa nyuma yake haikupunguza mwendo.

Aliyekuwa juu ya Boxer ni Aikande. Kwa watu wa Ifakara alikuwa mwanafunzi wa uzamili, mpole, mwenye buti za mpira na chupa za sampuli, anayetafiti viuatilifu kwenye mashamba ya mpunga. Kwa Idara ya Usalama aliitwa Korongo. Chini ya koti la mvua alikuwa na bastola ya Glock 19, na hicho ndicho kilikuwa kitu pekee cha kweli alichobeba. Hata proposo yake ya utafiti iliandikwa na mtu wa ofisini Dodoma ambaye mpunga anaujua ukiwa kwenye sahani.

Barabara ikaisha. Mbele yakabaki majaruba ya mpunga na matuta.

Jamaa wa TVS alijua pikipiki, hakujua matuta. Tairi la mbele liliteleza, yeye akaruka, kiroba kikamfuata. Alipoinua uso kutoka kwenye tope, goti la Aikande lilikuwa mgongoni mwake.

"Simu," alisema Aikande.

"Dada, mimi nabeba mizigo ya watu tu."

"Simu, kaka. Mizigo tutaiongelea baadaye."

Ndani ya kiroba mlikuwa na pembe mbili za tembo, bado zina damu mizizini. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe mmoja. Namba tupu, za latitudo na longitudo, zenye tarakimu tano baada ya nukta. Kwa namba hizo unampata tembo kama unavyompata jirani yako.

"Nani anazituma?"

"Simjui. Zinakuja Ijumaa. Tukifika tunamkuta pale pale. Hatutafuti, dada, tunafuata."

Aikande alimfunga pingu kwenye Boxer, akatoa redio, akaita ofisini.

"Mnara, Korongo."

"Sema."

"Mbebaji ninaye. Pembe ninazo. Wanatumia nafasi za satelaiti. Zinatoka kwenye kola za tembo."

Redio ilibadili mikono. Kisha ikaja sauti ya mkuu wake, Mzee Eustaki, mtu ambaye hajawahi kusikika akicheka kazini.

"Nani ana data za kola?"

Aikande alimjua. Kwa miezi mitano alikuwa akiwachunguza askari wa wanyamapori, mmoja baada ya mwingine, na jioni anarudi kula ubwabwa na huyo ambaye yeye alipaswa kumchunguza.

"Mwanafunzi. Paskalina Likwambe."

"Kamata."

"Si yeye, Mzee."

"Ushahidi?"

"Naishi naye chumba kimoja. Nakula naye ubwabwa."

"Huo si ushahidi. Una hadi kesho jioni. Baada ya hapo natuma watu wengine, na hao hawali ubwabwa na mtu."

* * *

Lipangalala, pale Ifakara, mchana. Paskalina alikuwa amekaa kwenye mkeka, laptopu ya Lenovo mapajani, feni ikimpulizia makaratasi.

Huyu Paskalina ni mtu wa kuudhi kidogo. Wenzake walikuwa wakijaza madodoso gesti, soda mkononi, mkulima mmoja wanamgawa mara kumi. Yeye, mhojiwa mmoja aliporuka swali moja, alikodi mtumbwi akarudi Idete katikati ya mafuriko kuliuliza hilo hilo swali. Darasani walikuwa na msemo wao: Paskalina hapiki data, hata umpe mafuta na kitunguu.

Tasnifu yake ilihusu ushoroba wa tembo, ile njia ambayo tembo wanavuka bonde la Kilombero kutoka mlimani hadi hifadhini na kurudi, katikati ya mashamba na ng'ombe. Tembo wanne walivishwa kola shingoni, za kuwafuatilia kwa satelaiti. Yeye akawapa majina ya shangazi zake wa Mahenge. Shangazi Noela aliuawa mwezi wa nne, Shangazi Herieth wa sita, na Shangazi Restituta ndiye aliyekuwa kwenye kile kiroba. Alibaki Shangazi Balbina, mkubwa kuliko wote, aliyezaa majuzi.

Aikande aliweka simu ya mbebaji juu ya mkeka.

"Linganisha na zako."

Paskalina alilinganisha. Alirudia mara ya pili, maana ndivyo alivyo. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ni zangu. Za Ijumaa."

"Ulimtumia nani?"

"Supavaiza. Dokta Silvano. Hakuna mwingine mwenye ruhusa."

"Hukumuuliza za nini?"

"We Aika! Supavaiza akikuomba data unamuuliza za nini?"

Na hapo ndipo lilipokuwa shimo lote. Msomi wa kwetu atabishana na baba yake, atabishana na padri, atabishana hata na trafiki. Supavaiza, thubutu. Supavaiza ndiye anayeshika saini yako, na wapo watu wamezeeka wakiisubiri. Wajanja walilijua hilo. Hawakuhitaji kudukua satelaiti ya mtu. Walihitaji mwanafunzi mwenye adabu.

Paskalina aliona kitako cha bastola chini ya koti.

"Wewe ni nani?"

"Mtu anayejua kwamba si wewe. Tuko wachache."

Simu ya Paskalina iliita. Akaitazama kama chungu cha moto. Aikande akamwashiria apokee, aweke sauti ya nje.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, binti yangu. Tasnifu nimeisoma, imetulia kabisa. Mwezi ujao unadefendi. Sasa kuna kitu kidogo. Bwana Stolk ameomba nafasi ya yule jike mkubwa. Ya leo, si ya Ijumaa. Anataka kumhesabu kesho asubuhi kwa helikopta, kabla hajaondoka nchini."

Stolk ndiye mgeni mwenye mfuko uliolipia zile kola. Mrefu, mcheshi, kila mkutano anafungua kwa Kiswahili cha kuombea maji.

"Sawa, Dokta. Nipe dakika chache niidownload."

Simu ilikatwa. Feni ikaendelea na makaratasi.

"Mpe nafasi ya uongo," alisema Aikande.

"Hapana."

"Paskalina."

"Sipiki data."

"Watamuua. Yule mtoto naye hatafika wiki."

"Kwani mimi sijui? Sikiliza, Aika. Mfumo huu ukibadilisha namba moja, unaandika jina lako na saa, na hakuna wa kufuta. Nikipika moja, nani ataziamini zilizobaki? Miaka miwili. Matope, malaria, mamba. Zote zinakuwa uongo kwa ajili ya hiyo moja."

"Mtumie kwa mkono basi. Usiguse mfumo."

"Dokta anauona mfumo. Hawezi kuiona nafasi ya sasa, ananyimwa hiyo mpaka mimi niidhinishe, lakini nikiidhinisha anaiona. Zisipofanana atajua."

Aikande alikaa chini kwenye mkeka. Alikuwa amewahi kudanganya watu wengi katika kazi yake, na wengi hakuwakumbuka hata sura. Kwa hiyo alichosema sasa alikisema taratibu.

"Wakikuuliza, sema ni mimi niliyekuambia. Mimi nitasimama mbele yao. Nitawaeleza kila kitu."

"Kweli?"

"Kweli."

Paskalina alifuta macho kwa khanga. Kisha akavuta laptopu, akamtoa Shangazi Balbina msituni, chini ya mlima, alikokuwa ananyonyesha, akamvusha mto mzima kwa vidole viwili hadi kwenye dago, kambi ya zamani ya wavuvi, mahali penye mchanga na matete na hakuna tembo hata mmoja.

Akabonyeza.

"Mungu wangu nisamehe," alisema, na hakuwa anatania.

* * *

Asubuhi, helikopta nyeupe aina ya Robinson R44 ilitua mchangani kando ya dago.

Aikande alikuwa ndani ya matete, maji kiunoni, Glock juu. Kulia kwake askari watatu wa Mzee Eustaki. Kushoto wawili. Inzi bila idadi.

Rubani alikuwa Stolk mwenyewe. Nyuma walishuka wanaume wawili wenye bunduki za .458, za kuulia tembo, na msumeno wa mashine wa Husqvarna, na sensa gani hiyo inayohitaji msumeno? Wa mwisho alishuka kwa shida, akishika miwani.

Dokta Silvano.

Kwa miaka miwili Paskalina alimwomba aje fildi aone kazi. Mara mafuta hakuna, mara kikao, mara msiba wa mjomba. Leo alikuwa fildi, tena na buti mpya.

Stolk alitazama GPS yake ya Garmin. "Hapa. Hapa tu. Wapi tembo?"

"Atakuwa kwenye matete," alisema Dokta. "Twende taratibu. Yule binti hakosei."

"Wewe hakika?"

"Wengine wote ningekwambia subiri. Huyu hapiki data."

Wakaingia kwenye matete.

"Shikamoo, Dokta," alisema Aikande.

"Marahaba," alijibu Dokta Silvano kwa mazoea ya miaka thelathini ya kusalimiwa, kisha ndipo akaiona bastola.

Mwenye bunduki wa kwanza alijaribu. Glock ilisema mara mbili, akakaa majini ameshika paja, bunduki ikazama. Wa pili aliona midomo mitano ya bunduki ikichungulia kwenye matete, akaitupa yake mwenyewe.

Stolk alikimbia.

Alifika kwenye helikopta. Akawasha. Mapanga yakaanza kuzunguka, mchanga ukaruka, mlango bado uko wazi. Aikande alitoka majini akikimbia, buti zimejaa tope, akapiga goti.

Risasi moja. Bega.

Mikono ya Stolk ikaachia usukani. Mapanga yakazunguka weee, yakachoka, yakasimama. Aikande alimvuta nje kwa kola ya shati.

"Karibu sana Kilombero," alimwambia. "Umeshahesabu?"

Dokta Silvano alikuwa amepiga magoti mchangani, analia kwa sauti.

"Mimi nilidhani ni sensa tu. Mimi ni mwanasayansi."

"Na wale tembo watatu waliokufa? Uliwahesabu kama nini?"

Pingu zilimkaa vizuri.

"Mnara, Korongo. Mavuno yako ghalani. Yote."

"Vizuri," alisema Mzee Eustaki. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

* * *

Hadithi nyingine zingeishia hapo, watu wakapongezana. Sisi tuendelee kidogo, maana vyuo vina macho, ila vinaona vinachotaka.

Chuo hakikuuliza ni vipi mhadhiri wake aligeuza utafiti kuwa windo. Hilo lilikuwa kubwa, lilitia aibu, likaachiwa mahakama. Chuo kiliuliza jambo dogo kinaloliweza. Kiliufungua mfumo, kikaona tembo aliyevuka mto kwa sekunde moja, na pembeni jina: P. Likwambe.

Kupika data.

Aikande alikuwa stesheni ya Ifakara, begi miguuni, akisubiri treni, simu ya Mzee Eustaki ilipoingia.

"Kamati ya maadili ya chuo inakaa sasa hivi. Yule binti amekutaja. Watakupigia."

"Najua. Nilimwahidi nitaongea."

"Hutaongea."

"Mzee, ni sentensi mbili tu."

"Juu ya Stolk wako wakubwa watatu, bado wako huru. Wanaamini alikamatwa kwa bahati mbaya tu. Wakisikia kulikuwa na mtu wetu ndani ya chumba cha mwanafunzi, usiku wa leo hawapo nchini, na mwakani wanarudi na kola nyingine na mwanafunzi mwingine. Korongo hajawahi kufika Ifakara. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Rudia."

"Sijawahi kufika Ifakara."

Hakupata hata nafasi ya kumeza mate. Simu iliita tena.

"Habari za leo," ilisema sauti ya mama mmoja wa ofisini. "Hapa ni kamati ya maadili ya utafiti, uko kwenye sauti ya nje. Tunaye mwanafunzi Paskalina Likwambe. Anasema wewe ni mwanafunzi mwenzake, na kwamba ndiwe uliyemshauri aingize taarifa ya uongo. Sisi chuoni hatuna mwanafunzi wa jina lako. Unaweza kutueleza?"

"Aika," ilisema sauti ya Paskalina kutoka mbali kidogo na simu, na ilikuwa sauti ya mtu aliyepumua baada ya kuzama. "Waambie tu. Waambie ulichoniambia pale mkekani."

Aikande alitazama reli. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kupanda shingoni. Alijua akisema, watatu wanapotea. Alijua asiposema, anapotea mmoja, naye ndiye pekee asiyekuwa na kosa. Hesabu ya Idara ilikuwa sahihi, na alichukia usahihi wake.

"Samahani, mama," alisema. "Nadhani mmekosea namba. Huyo simfahamu."

Upande wa pili kiti kilisogezwa. Mtu akakohoa. Mama wa ofisini alianza kusema basi, asante, hatutakusumbua zaidi, lakini sauti ya Paskalina ikamkata. Haikuwa na kilio wala lawama.

"Shangazi Balbina amevuka mto jana jioni, kwa miguu yake. Yeye na mtoto. Nimeona ujue."

Simu ikakatwa.

Aikande alitoa laini, akaivunja, akaidondosha chini ya reli. Treni iliingia ikipiga honi. Alivaa miwani yake ya jua, akachukua begi, akapanda bila kugeuka nyuma.

Ndani, mama mmoja mwenye gunia la mchele alisogea ampe nafasi.

"Karibu, mwanangu. Huku Ifakara ulikuja kufanya nini?"

"Shikamoo, mama," alisema Aikande. "Utafiti."