Boksi la Kila Mwezi

Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikanawa mikono mpaka viwikoni, nikaingia chumba cha sabuni. Kilikuwa nyuma ya jiko, chenye dirisha moja, meza ndefu ya mbao na rafu nne ukutani. Mama alikuwa mtengeneza sabuni. Alipasha mafuta moto, akayachanganya na dawa kali ambayo mimi sikuruhusiwa hata kuisogelea, akamimina uji wake kwenye kiboksi cha mbao, na kesho yake akaukata vipande kwa waya. Vipande vilipangwa rafuni, na kwenye ukingo wa kila rafu Mama aliandika tarehe kwa chaki. Vilikaa pale wiki nne kamili.

"Sabuni changa ina hasira," alizoea kusema. "Iache itulie kwanza, la sivyo itamla mtu ngozi."

Kazi yangu ilikuwa kufunga maboksi, vipande vitatu kila boksi. Karibu wateja wote walitoka kwenye duka letu la mtandaoni, alilotufungulia mjomba, ambaye ni fundi wa simu. Likizo moja alinikalisha mbele ya kompyuta ili tuweke malipo yanayojirudia.

"Tazama hapa, fundi mdogo. Huu ndio mpango wenyewe: Boksi la Kila Mwezi. Hapa unaandika bei. Hapa unaandika pesa ikatwe kila baada ya siku ngapi. Tumeweka thelathini. Mteja akikubali mara moja, basi, kompyuta inakata yenyewe."

"Bila kumwuliza tena?"

"Anapelekewa ujumbe siku moja kabla. Ndiyo maana hiki kitufe cha ujumbe hakizimwi. Umenisikia? Hakizimwi. Na akitaka kujitoa, anajitoa mwenyewe, saa yoyote anayotaka."

Mama hakuipenda kompyuta. Alisema macho yake yanamtosha kuangalia sufuria. Basi nenosiri nikakabidhiwa mimi, mwanafunzi wa darasa la saba, na katika miezi mitatu tukapata wateja thelathini na wanane. Nilijiona mkurugenzi. Hata nilianza kutembea na kalamu sikioni.

Jumatatu moja pesa zilikatwa kama kawaida, nami nikafunga maboksi mbiombio. Wenzangu walikuwa uwanjani, wameshagawana timu, wananiita kwa miluzi. Nilipofika boksi la mwisho, vipande vya rafu iliyokomaa vilikuwa vimebaki nyuma kabisa, na kuvifikia kungetaka ngazi. Nikachukua vitatu kutoka rafu iliyokuwa karibu na mkono wangu. Nikafunga utepe, nikabandika jina la mteja, nikakimbia.

Alhamisi jioni Mama alikuwa mlangoni akizungumza na jirani wawili wakati msusi wa mtaa wa pili alipokuja. Sisi watoto tulimwita Sindano, kwa jinsi maneno yake yalivyochoma. Hakubisha hodi. Alipita moja kwa moja, akalitupa boksi letu juu ya meza hadi utepe ukakatika.

"Hii ni sabuni au pilipili? Nimemwosha mteja wangu, shingo imemwiva! Mwanamke mzima analia saluni kwangu!"

"Dada, samahani sana," Mama alisema. "Hebu kaa kwanza, tuliangalie."

"Sikai. Nimeambiwa anayewafungia maboksi ni mtoto. Mtoto na biashara wapi na wapi? Pesa mlishaikata, hongereni. Kuleni mshibe!"

Akaondoka, na harufu ya mafuta ya nywele ikabaki chumbani. Jirani wale wawili wakakumbuka kwa pamoja kwamba walikuwa na haraka. Mama alilichukua boksi, akaliweka chini ya meza bila kulifungua, akaanza kufuta meza. Alifuta mahali palepale mara nyingi mno.

Nilimchukia Sindano kwa moyo wangu wote, na sioni haya kulisema. Usiku nililala nikimwona anapiga magoti. Ijumaa darasani mwalimu alifundisha sehemu na desimali, mimi nikawa nahesabu mambo mengine kabisa. Mama angeweza kusamehe apendavyo. Mimi nilitaka alipe, na nenosiri nilikuwa nalo.

Nilipofika nyumbani nikafungua kompyuta kabla hata ya kuvua viatu. Nikalitafuta jina lake, nikalipata. Kando yake palikuwa na neno dogo la rangi ya kijivu, sikulisoma. Chini ya jina paliandikwa Boksi la Kila Mwezi. Nikabonyeza hapo. Penye thelathini nikafuta, nikaandika saba. Si alisema tule tushibe? Basi tungekula kila wiki. Kisha nikakizima kile kitufe cha ujumbe, ili asijue kinachomla mpaka ameshaliwa.

Maandishi mekundu yakatokea, mistari miwili hivi. Mimi niliyaona maneno ya mwisho tu: Una uhakika?

Maishani mwangu sijawahi kuwa na uhakika kama ule. Nikabonyeza Ndiyo.

Jumamosi na Jumapili zilikuwa tamu. Nilipita mbele ya saluni mara tano bila kutumwa na mtu. "Shikamoo, mama!" nilimwambia Sindano kwa sauti ya asali, naye akaitikia marahaba huku akinitazama kwa mashaka. Ndani ya moyo nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Subiri Jumatatu, nilijisemea. Subiri tu.

Jumatatu ikaja. Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, nakunywa chai, simu ya Mama ikalia. Akapokea, akakunja uso. Kabla hajakata, ujumbe ukaingia, kisha mwingine, kisha simu ikalia tena.

"Mkunga anasema amekatwa pesa ya boksi," Mama alisema polepole. "Mpishi wa shule naye pia. Fundi cherehani naye. Imekuwaje? Si walilipa wiki iliyopita?"

Nikaweka kikombe mezani. Nilingoja nisikie jina la Sindano. Halikuja. Yalikuja majina mengine, moja baada ya jingine, na Mama akawa anajibu, "Samahani, ndugu yangu, naangalia, samahani," kama mtu aliyekamatwa ugoni. Kufikia wakati wa kengele ya shule, wateja kumi na mmoja walikuwa wamejitoa. Mmoja aliandika kwenye ukurasa wa duka, mbele ya macho ya watu wote: "Wezi hawa."

Hodi ikapigwa. Alikuwa Babu Usukani, dereva mstaafu anayekaa mwisho wa barabara yetu. Yeye hutumia sabuni ya Mama kwa sababu ngozi yake inawasha kwa sabuni nyingine zote. Alikuwa amekuja kwa miguu, mkono mmoja ukutani.

"Mwanangu, sikuja kugombana," alimwambia Mama. "Nimekwenda duka la dawa kununua matone ya macho, simu inasema salio halitoshi. Jana usiku lilitosha. Nikasema labda mimi ndiye nimekosea, uzee huu. Hebu nisaidie kuangalia."

Akamkabidhi Mama simu yake kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu na yanatoka machozi, na hayakuwa machozi ya kulia. Ningefurahi kama angenitukana. Badala yake alinipapasa kichwa akaniuliza kama nimeshapiga mswaki.

"Mama," nikasema, "ni mimi."

Nilisema yote palepale, nimesimama na begi mgongoni. Mama hakupiga kelele. Alitoa noti kwenye kibweta chake, akaniambia, "Kimbia duka la dawa. Ulete matone. Kisha urudi hapa. Shule nitaipigia mimi."

Niliporudi, mjomba alikuwa ameshafika, bisibisi mfukoni, macho kwenye kompyuta. Babu Usukani alilaza kichwa nyuma, Mama akamtia matone. Mjomba alingoja mzee ashukuru, aage na aondoke, ndipo aliponigeukia.

"Njoo usome hapa. Kwa sauti."

Alikuwa amenirudishia maandishi mekundu yale. Nikasoma: "Mabadiliko haya yatawahusu wanachama wote wa mpango. Una uhakika?"

"Wewe ulidhani unamgusa mtu mmoja," mjomba alisema. "Hukumgusa mteja, uligusa mpango wenyewe, na mpango ni wa watu wote. Sasa soma neno la kijivu, hapo kwenye jina la msusi."

Nikasoma: "Amejitoa."

"Tangu Alhamisi. Alijitoa kabla hajafika hapa kugomba. Kwa hiyo umewakata watu wote, isipokuwa yeye peke yake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kitu kibaya kuliko vyote, nawaambieni ukweli, ni kwamba hata wakati ule sehemu ya moyo wangu ilikuwa bado inamkasirikia Sindano kwa kuponyoka.

"Na ndiye aliyeanza!" nilifoka, machozi yananitoka. "Alimdhalilisha Mama kwa uongo! Sabuni yetu haichomi mtu!"

Mama aliinama, akalitoa lile boksi chini ya meza. Akachukua kipande, akakibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukazama. Alama ikabaki pale, wazi kabisa. Sabuni iliyokomaa haikubali ukucha, hilo nilikuwa nalijua tangu darasa la tatu.

"Boksi hili ulilichukulia rafu ipi?" aliuliza.

Nikaitazama rafu ya karibu na tarehe yake ya chaki. Hata leo, miezi mingi baadaye, naikumbuka tarehe ile vizuri. Siku niliyofunga boksi, sabuni ile ilikuwa na siku kumi tu.

"Kwa hiyo hakusema uongo," Mama alisema. "Alikosa adabu, lakini uongo hakusema."

Siku ile sikwenda shule. Mjomba alirudisha thelathini mahali pake, akakiwasha kitufe cha ujumbe, kisha akaniachia kiti. Nilirudisha pesa ya kila mteja mmoja mmoja, na kila mmoja nikampigia simu mwenyewe, Mama akiwa kando yangu. "Kosa ni letu, si lako. Pesa yako imerudi. Nisamehe." Mkunga alicheka. Fundi cherehani alinikaripia mpaka masikio yakaungua. Kufikia alasiri pesa zote zilikuwa zimerudi, na wateja saba kati ya wale kumi na mmoja walikubali kurudi. Wanne hawajarudi mpaka leo.

"Umebakiza mmoja," Mama alisema.

Saluni ilikuwa imejaa. Sindano alikuwa na kitana mdomoni na kichwa cha mtu magotini.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kusema kwamba sabuni iliyomchoma mteja wako niliifunga mimi. Ilikuwa changa. Mama hakujua. Tena nilitaka kukukata pesa yako kila wiki, kwa kisasi, nikawakata wengine."

Sindano akatoa kitana mdomoni.

"Kumbe zile shikamoo tano zilikuwa na kazi," alisema. "Unajua kwamba nikiandika maneno mawili tu kwenye ukurasa wenu, biashara ya mama yako imekufa leo?"

"Najua."

Alitupa jicho kwenye simu yake. Niliona anavyoitamani nafasi ile. Niliijua tamaa hiyo, nilikuwa nimelala nayo siku nne.

"Siandiki," alisema mwishowe. "Lakini usidhani nimekusamehe bure. Jumamosi nne, saa mbili kamili, taulo zote za hapa utafua wewe. Na kwa mteja wangu utakwenda mwenyewe ukamwombe radhi."

Nilikwenda. Nilifua. Taulo za saluni zina nywele zinazoshika kama kupe, na Sindano huzikagua moja moja juani. Mara mbili alinirudishia ndoo nzima. Sikumpenda ghafla, hapana, lakini Jumamosi ya tatu alinipa soda, akasema nimejua kukamua.

Jumamosi ya nne, kabla sijatoka nyumbani, Mama aliniita chumba cha sabuni. Akaninyooshea kipande kimoja. Kilikuwa na alama ya ukucha.

"Ni kilekile," alisema. "Nilivirudisha rafuni vyote vitatu. Hebu bonyeza."

Nikabonyeza pembeni ya alama ya zamani. Ukucha wangu uliteleza.

"Sikukiongezea kitu, mwanangu. Nilikiacha tu kikatulia. Hasira yako ile ya Alhamisi ungeiweka rafuni kama hivi, ungeniuliza mimi, ungeyasoma yale maandishi mekundu. Pengine ungekumbuka hata rafu uliyochukulia. Ukaitumia ikiwa bichi." Akanifungia vile vipande kwenye boksi. "Na jambo jingine. Watu wale wanaturuhusu tuchukue pesa yao wakiwa usingizini. Babu Usukani ametupa ruhusa hiyo na haoni vizuri hata kuisoma simu yake. Ruhusa kama hiyo haigeuzwi fimbo ya kumpigia mtu, hata awe amekuudhi namna gani."

Nililipeleka boksi saluni. Sindano alinawa mikono kwa sabuni ile, akanawa na shingo, akakaa akingoja kama mtu anayengoja maji yachemke. Shingo haikuwaka. Akavuta simu yake, akavaa miwani, akaanza kusoma masharti yetu neno kwa neno, midomo ikitikisika.

"Siku thelathini," alisema.

"Siku thelathini, mama. Na ujumbe siku moja kabla."

Akabonyeza kukubali kwa kidole chake mwenyewe. Kisha akanielekeza kwa kitana kwenye ndoo ya taulo.