Mwanamke wa Picha ya Giza

Mtu alionekana katika picha ya giza tu.

Mama aliyemwona, kazi yake ilikuwa kuhariri picha za nyumba zinazouzwa. Mpiga picha humtumia kila chumba mara tatu: picha ya giza, ili dirisha lisiungue kwa mwanga, ya kati, kwa ajili ya kuta, na ya mwanga, ili pembe zionekane. Yeye huziunganisha ziwe moja, kisha hukoleza vivuli mpaka kuta zisimame vizuri. Mumewe alifanya kazi mbali. Nyumbani walikuwa wawili, yeye na binti yake wa miaka minne, na siku nyingine sauti pekee ya mtu mzima aliyoisikia ilikuwa yake mwenyewe.

Alimpigia mpiga picha.

"Kaka, sebuleni ulikuwa na nani?"

"Na njaa yangu tu, dada. Nyumba ile haina hata panya."

Akacheka kidogo. Akamfuta yule mtu, mwanamke mrefu aliyesimama dirishani, akatuma kazi, kisha akazitupa picha tatu za mwanzo, kama kawaida yake, ili kompyuta isijae.

Adhuhuri nyumba ikaanza kunuka chokaa mbichi.

"Mama," mtoto akanong'ona mlangoni, "mgeni anauliza akae wapi."

"Mgeni gani?"

"Yule uliyemtoa kwake."

Ndipo akasikia nyayo, nyayo za mtu asiye na haraka, zikipita jikoni, zikisimama penye kitanda cha mtoto, zikirudi, na kila ziliporudi harufu ya chokaa ilizidi na mtoto alizidi kuzisogelea huku akitabasamu, mpaka mama akamvuta mkono na kumpigia simu shangazi yake, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya majini.

"Mrudishe kwenye picha yake," shangazi akasema.

"Nimeshaitupa, shangazi. Hata mpiga picha hana tena."

"Basi mpe nyingine, mwanangu. Upesi, kabla hajamzoea mtoto. Na mtoto asiwemo."

Akamtuma mtoto uani. Akaweka kamera yake ya zamani juu ya meza, akaipiga picha sebule yake mara tatu. Safari hii yule mwanamke alionekana katika zote, kando ya pazia, ametulia tuli. Mama akaziunganisha bila kufuta kitu. Nyayo zikakoma. Harufu ikaisha.

"Njoo, mwanangu! Ameondoka."

Mtoto hakuja.

Akatafuta uani, chini ya kitanda, ndani ya kabati, nyuma ya pazia. Hakuna mtu. Akarudi kwenye kompyuta, akaongeza mwanga penye vivuli, taratibu, na chini ya pazia la pichani vikatokea vidole kumi vidogo vya miguu. Mtoto alikuwa amerudi kimyakimya kumchungulia mgeni wake.

Kufuta ndiko kulikomtoa yule mwanamke pichani. Kufuta kungemtoa na huyu. Lakini mkono mwembamba wa mgeni ulikuwa umeingia nyuma ya pazia, na hata alipoikuza picha hakuona mkono unaishia wapi na mtoto anaanzia wapi.



Akawafuta wote wawili.

Pazia la sebuleni likatikisika. Mtoto akatoka akipiga chafya, mkono mmoja ameuinua juu, kama anayeongozwa na mtu mrefu. Mama aliinuka. Alikwenda, akaushika mkono wa pili.