Kopo la Biskuti la Bibi Saturnina

Kila alfajiri Wara na Bibi Saturnina walichemsha api, uji wa mahindi ya zambarau, kisha wakasukuma mkokoteni hadi sokoni mjini Cochabamba. Siku hizi Wara alisukuma peke yake. Kidonda cha mguuni mwa bibi kilikuwa kimekataa kupona, dawa za zahanati zimegonga mwamba, na msichana wa watu alichoka hadi kusinzia darasani.

Jumamosi Shangazi Maritza, bintiye bibi, aliwapeleka kwenye maabara alikofanya kazi. Alichukua usaha wa kidonda kwa kijiti cha pamba, akautia kwenye kipande kidogo cha kioo.

"Hiki kioo kitamponya?" Wara aliuliza.

"Kinapeleleza tu. Kina mifereji myembamba kama unywele. Maji yanakatwa ndani ya mafuta, yanakuwa vitone maelfu. Bakteria anafungiwa kitoneni pamoja na dawa. Akifa, giza. Akizaana, kitone kinang'aa." Akamgeukia mamaye. "Leo naweza kujaribu dawa chache tu. Kuna nyingine uliyokunywa, zaidi ya zile za zahanati?"

"Hakuna," bibi alijibu, macho darini.

Wara alijua ukweli. Kwao kidonge hakitupwi. Vilivyobaki viliingia kwenye kopo la biskuti kumsubiri mgonjwa mwingine. Alipougua koo, yeye mwenyewe aliacha dozi mara alipopata nafuu, na kidonda kilipoanza akampa bibi vilivyobaki. Aliona aibu, lakini mguu ule uliovimba ulimtia hofu zaidi.

"Alikunywa vidonge vyangu vya koo, Shangazi. Mimi ndiye niliyempa."

"Mdomo huo!" bibi alifoka.

"Mnanichosha nyinyi wawili," Maritza alisema, akaipanga dawa hiyo pamoja na nyingine.

Jioni, vitone vyenye dawa ya koo viling'aa vyote. Vya dawa moja tu vilibaki giza, na hiyo ndiyo aliyopewa bibi na daktari.

Kidonda kilipokauka, bibi alilifungua kopo ili aweke vidonge vilivyobaki. Akakuta mdalasini. Alimtazama Wara, akaguna, akameza dozi yake mpaka mwisho.

Siku moja sokoni muuza viazi alikohoa. "Mama Saturnina, huna kidonge kwenye lile kopo lako?"

"Lina mdalasini. Nenda kapimwe, na ukipewa dozi uimalize, hata ukijiona mzima. Sisi tuliua bakteria wanyonge, tukawafuga wale sugu mguuni mwangu. Halafu mimi nikaficha. Bila huyu mtoto kusema kweli, ningekuwa bado nimelala."

Kisha akashika upande mmoja wa mkokoteni, na Wara, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akasukuma nusu tu.