Fundi Viatu na Habari ya Macho ya Mama

Fundi viatu aliishi na mama yake katika vyumba viwili nyuma ya soko. Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu. Asubuhi aliweza kutia sukari kwenye sahani, kisha akakoroga chai isiyo na kitu.

Jumatatu walikwenda hospitali. Daktari alimvuta fundi pembeni. "Ni mtoto wa jicho. Dawa ya matone haitamsaidia. Inafaa apasuliwe kabla hajapofuka. Mweleze, kisha uniletee jibu lake Ijumaa."

Njiani mama aliuliza, "Daktari kasemaje, baba?"

"Kasema upumzike, mama."

Hadi Alhamisi hakuwa amesema. Siku hiyo jirani yao, mama katekista, mwalimu wa dini kanisani, alileta kiatu kilichobanduka soli. Akamkuta fundi anapiga soli ya kulia kwenye kiatu cha kushoto.

"Mwanangu, una nini?"

Fundi akamweleza yote. "Akisikia habari za kisu, presha itampanda."

Mama katekista akavuta kigoda. "Malaika Mkuu Gabrieli unamjua?"

"Yule mwenye mabawa, kwenye picha ya kanisani?"

"Huyo huyo. Mabawa tumezoea, kazi yake tunaisahau. Malaika maana yake mjumbe. Yeye ni malaika mkuu, hupewa habari nzito. Alipotumwa kwa Maria hakuzunguka mbuyu. Alimsalimu, akamtoa hofu, akasema alichotumwa. Maria akauliza, litawezekanaje? Hakumkaripia, alimjibu. Kisha akangoja. Hakukubali kwa niaba yake. Maria alipokubali ndipo akaenda zake. Ile habari ilikuwa ya Maria, mwanangu. Hii ni ya mama yako, nawe umeikalia."

Fundi akafunga kibanda saa ile ile, akaenda nyumbani kwa mama.

"Shikamoo, mama. Usiwe na wasiwasi, lakini nina ujumbe wako." Akasema yote, bila kuficha kisu.

"Nitasikia maumivu?"

"Watatia ganzi. Nami nitakuwa mlangoni."

Fundi alitamani kumsihi, akauma ulimi, akangoja.

"Kumbe ni macho tu!" mama akasema. "Tangu Jumatatu unaongea nami kama unayeniaga, nikajua nakufa! Kawaambie niko tayari."

Jicho la kwanza lilipofunguliwa bandeji, mama alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akampapasa kichwa.

"Baba, una mvi! Na hili nalo ulipanga kuniambia lini?"