Dada Simu na Mguu wa Fundi

Fundi wa nguo wa mtaani kwetu alivunjika kifundo cha mguu kwa sababu ya sabuni. Alikuwa anaosha kibaraza. Mume wake, ambaye ni mpaka rangi, akapita na viatu vichafu. Fundi akaanza kumkaripia, na kabla hajamaliza alikuwa ameshaanguka. Mpaka leo mumewe anaapa kwamba hakucheka.

Alifanyiwa upasuaji, akafungwa plasta wiki sita. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba na mkavu kama ubao. Fundi aliutazama, akalia. Hakulia kwa maumivu. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na kifundo kisichokunjika hakiwezi kukanyaga. Alikuwa ameshona miaka ishirini na sita. Hakujua kazi nyingine, wala hakutaka kuijua.

Hospitali ilimtuma nyumbani kwa Fundi mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Alikuwa mama mrefu mwenye maneno machache. Alimpima Fundi, akaandika mpango wa ukurasa mmoja: mazoezi gani, na mara ngapi. Chini kabisa aliandika: asikanyage cherehani mpaka nimpime tena. Kisha akamtambulisha msaidizi wake, binti mcheshi, ambaye angekuja mara tatu kwa wiki kumfanyisha Fundi mazoezi hayo.

Binti alipendwa tangu siku ya kwanza. Mikono yake ilikuwa myepesi. Tena alivicheka vichekesho vya mpaka rangi, jambo ambalo watu wa nyumba ile walishaliacha zamani. Alikuwa na kasoro moja tu machoni pa Fundi. Akiombwa jambo ambalo halikuandikwa kwenye mpango, anatoa simu. Fundi akitaka kuruka zoezi linalomchosha, simu. Mpaka rangi akileta mfuko wa mchanga ili mkewe afungwe mguuni apate nguvu, simu. Basi mpaka rangi akambatiza jina la Dada Simu, na mtaa mzima tukalishika.

"Lakini wewe si umesoma?" Fundi alimuuliza siku moja. "Mbona unaomba ruhusa kama mtoto?"

"Nimesoma, mama. Nimesomea kuwafanyisha watu mazoezi, na kuangalia mwili unavyoyapokea. Kupima na kupanga ni kazi ya bosi wangu. Jambo likibadilika, lazima nimwambie."

Fundi hakuridhika. Alimnong'oneza wifi yake, ambaye hushona naye, kwamba binti ni mzuri ila hajiamini.

Wiki ya tatu Fundi aliamua kujipima mwenyewe. Fundi gani anashinda na futi shingoni asijipime? Alizungusha futi kwenye shavu la mguu mzima: sentimita thelathini na nne. Akazungusha kwenye mguu uliovunjika: thelathini na saba. Akapiga kigelegele. Alidhani nyama imerudi. Ni kweli mguu ulikuwa na joto, tena uliuma ukibonyezwa, lakini alijiambia kwamba hayo ndiyo mazoezi yenyewe. Akamwambia wifi yake atoe kifuniko cha cherehani. Dada Simu akifika ataonyeshwa namba, na siku hiyo hiyo kazi itaanza.

Dada Simu alifika. Fundi akampa habari kwa madaha, futi mkononi. Binti hakucheka. Aliinama, akalinganisha miguu yote miwili, akaweka kiganja taratibu. Aliuliza maumivu yalianza lini. Tangu juzi, Fundi alijibu. Aliuliza kama kifua kinabana au pumzi inakata. Hapana.

"Leo hatufanyi mazoezi, mama," alisema.

"Basi nichue kidogo tu. Umekaza, utalainika."

"Sikuchui. Na asikuchue mtu mwingine yeyote. Tulia hapo hapo."

Akatoa simu. Safari hii hakuna aliyetania. Mtaalamu alipokea mara moja, maana ndivyo wanavyofanya kazi: msaidizi akiwa kwa mgonjwa, msimamizi wake lazima apatikane. Alisikiliza, akauliza maswali mawili, akaagiza Fundi apelekwe hospitali saa ile ile. Mpaka rangi alikimbilia teksi huku brashi ikidondosha rangi njia nzima.

Hospitalini walimpiga picha ya mguu. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Daktari hakumficha. Alisema bonge lile lingeweza kukatika na kusafiri hadi kwenye mapafu, na likifika huko linaweza kuua. Kwa kuwa amewahi, ataanza dawa na atafuatiliwa. Fundi aliogopa sana. Sisi majirani nasi tuliogopa, na sioni aibu kulisema.

Baada ya siku chache mtaalamu alikuja mwenyewe kumpima upya. Fundi akamuuliza kwa nini yule binti asingeamua mwenyewe. Mtaalamu aliangalia vitambaa vilivyojaa chumbani.

"Humu ndani, anayekata kitambaa ni nani?"

"Mimi."

"Wifi yako hawezi?"

"Ana mkono mzuri kuliko wangu. Lakini aliyempima mteja ni mimi, kwa hiyo nakata mimi. Yeye anashona. Akiona nguo haikai, anasimama, ananiita." Hapo Fundi akajishika mdomo. Wifi yake alicheka mpaka akashika ukuta.

"Na sisi ni hivyo hivyo," mtaalamu alisema. "Na usiseme hajiamini. Asiyejiamini angeogopa kukukatalia wewe."

Kisha akawaeleza vizuri. Mpango huandikwa na mtaalamu aliyempima mgonjwa, na msaidizi haubadilishi hata akibembelezwa. Akiona jambo jipya, husimamisha zoezi na kutoa taarifa. Mtaalamu naye hurudi kumpima mgonjwa kwa muda uliowekwa. Muda huo hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo ni vizuri kuuliza hospitalini. Nyumbani pia mnaruhusiwa kuuliza: nani anakusimamia, namba yake ni ipi, atakuja lini? Mpaka rangi aliuliza papo hapo, akaiandika namba ukutani kwa rangi nyekundu, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wiki zikapita. Daktari akaridhika na mshipa. Mtaalamu akapima kifundo, kikakunjika vizuri, naye akaandika mpango mpya: cherehani, dakika kumi.

Fundi alikaa kwenye kiti chake. Mguu ulitetemeka kidogo, kisha ukazoea, na gurudumu likazunguka. Mpaka rangi alitoka nje akidai ameingiwa na vumbi machoni. Fundi alikuwa anashona mkono wa gauni, huku akiimba kwa sauti mbaya na furaha tele. Alipofika nusu ya mkono, Dada Simu akasema dakika kumi zimeisha.

Wifi akashusha kazi yake, akatazama. Katika miaka yote ya kushona pamoja, hakuwahi kumwona Fundi akiacha mshono nusu.

Fundi aliinua mguu. Sindano ikabaki imechomeka kwenye kitambaa.

"Utaisha keshokutwa," alisema, akaomba magongo yake.