Fundi Aliyeacha Programu Zigombane

Nina miaka ishirini na mbili, nimeishia darasa la saba, na mbele za watu huwa nakosa maneno. Hata kuandika haya kumenichukua muda...

Mama mdogo alinitoa kijijini Kikwe nimsaidie kwenye kafe yake ya intaneti, mjini mtaa wa Daraja Mbili. Ni mjane, na kafe ile ndiyo iliyokuwa ikiwasomesha wanawe. Kompyuta zote zilitegemea moja ya mfumo wa Linux, na hiyo aliijua Elibariki peke yake. Fundi... kama yule anastahili kuitwa fundi!

Kila umeme ulipokatika na kurudi, tovuti hazikufunguka. Elibariki anaitwa, anakuja ananukia manukato, anaandika maneno mawili matatu, zinafunguka.

Siku moja nikajikaza nikamuuliza tatizo ni nini.

"Humu kuna programu mbili, mrembo. Ukiandika jina la tovuti, kazi yao ni kulitafutia namba yake. Sasa zote zinataka mlango uleule. Mashine ikiwaka, ile mbovu ikiwahi mlangoni, basi."

Nikasema, si uitoe hiyo mbovu?

"Nikiitoa, nitakuja huku kwa sababu gani?" Akanikonyeza.

Nami nikayeyuka. Niliamini sababu ni mimi! Nikaitunza siri ile kama pete ya uchumba.

Wateja wakachoka, wakahamia kafe mpya ya mtaa wa Themi. Mama mdogo alipombana Elibariki, hakupepesa hata jicho.

"Mama, mashine haina ubaya. Ni huyu darasa la saba wako, anabonyezabonyeza nisipokuwepo."

Mama mdogo akanigeukia, akasubiri nikane tu. Sikukana. Nilikuwa namlinda nani? Mwanamume anayejipulizia manukato kwenda kumharibia mjane kazi!

Nikarudishwa Kikwe. Kafe ikafungwa. Ndipo nikasikia ile ya Themi ni ya nani. Ni ya Elibariki... yake na mkewe.

Juzi alinikuta barabarani, akasimamisha gari.

"Bado umenuna? Njoo basi unifagilie kafe."

Nikamuuliza taratibu, kwake zile programu ziko ngapi?

"Moja," akajibu, bila hata kufikiri.

Wasichana wenzangu, mwanamume anayekuonyesha uovu wake huku anacheka hajakupa mapenzi. Amekupa mzigo umbebee. Semeni mapema, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilichelewa; jioni ileile ya juzi ndipo nilipomfuata mama mdogo kwake, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kuchambua maharage.